Aliyoyasema Baba Rodah

Mtaa wa Tena, Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Wafula mwanangu,

Umetoka kwenda Donholm kuwaaga wenzako, na najua hutarudi upesi, maana wewe ukianza kuaga huagi, unahutubia. Nimepata meza tupu na nyumba kimya. Mkoba wako umefungwa. Sitakuandikia habari za soksi, wala za kusali kabla ya kula, wala za wasichana wanaokaa karibu na kambi. Hayo umeyasikia mpaka masikio yakaota sugu. Na huko unakokwenda kuna watu wanaolipwa kukufokea, wataifanya kazi hiyo kunishinda.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo ulilofanya jana.

Ulikuwa umekaa hapo mlangoni ukijaribu viatu, na rafiki yako Ochi akakuuliza, "Sasa buda, adui akisurrender mbele yako, utado nini?" Ukasimama, kamba za viatu hazijafungwa, ukainua mikono juu, ukakaza koo, ukasema kwa ile sauti: "Naomba tu... nimeua wenu kumi, naomba tu mniongezee mmoja." Kisha ukajipiga risasi ya kidole ukaanguka juu ya godoro. Mkacheka wote. Ochi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikuwa nakata sukuma, nikajikata kidole. Uliponiuliza nikakwambia kisu ni kipya.

Sauti hiyo niliitengeneza mimi, Wafula. Mtu niliyemwibia alikufa, na ulikuwepo. Siku ile, mbele ya mlango wake, uliniuliza swali mbele ya watu, nami nikakujibu uongo. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa una kumi na tisa, na kuanzia kesho watakufundisha kushika bunduki. Sitaki uishike huku lile jibu likiwa bado kichwani mwako. Barua yote ni hiyo, mengine ni maelezo tu.

Unajua nilikuwa mkalimani kabla sijawa muuza mboga. Wahubiri wageni walipokuja kwenye mikutano ya injili uwanjani, mimi ndiye niliyesimama nao jukwaani kugeuza Kiingereza chao kuwa Kiswahili. Mhubiri akitoa sentensi moja, mimi natoa tatu. Yeye akimtaja Shetani kwa upole, mimi nilimpa Shetani sauti ya puani, na uwanja mzima ulicheka, hata wagonjwa waliokuja kuombewa. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningekuwa mtu bora kama nisingelijua: ukimfanya adui kichekesho, watu hawamwogopi tena wala hawamhurumii. Wanabaki na hamu ya kumpiga tu.

Karanja, mwenye lile banda la video la mabati nyuma ya vibanda vya mboga, alinisikia huko. Hakuja kuokoka, alikuwa akiuza soda. Akaniambia, "Mama Wafula, wewe ukiongea hata mimi naskia kutubu. Kuja unitafsirie picha." Mchungaji alinuna. Nikamwambia ni picha za vita, hakuna mtu anayevua nguo. Na kweli hakuna aliyevua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Karanja anapunguza sauti ya televisheni, ananipa maikrofoni, nasimama kando ya skrini. Askari wa upande wetu wanaongea Kiingereza, nami nawafuata. Nasema upande wetu, kana kwamba wale Wazungu wa pande zote mbili waliwahi kutujua. Askari wa adui wanaongea lugha yao, na Kiingereza kinaandikwa chini kwa herufi nyeupe. Mtu wa kawaida akianza kupambana na neno la tatu, maandishi yameshafutika. Kwa hiyo ndani ya banda lile adui hakuwa na mdomo mwingine isipokuwa wangu.

Picha nyingi hazikunisumbua. Adui alitokea ili afe, alisema maneno mawili, akafa. Kisha Karanja akaleta kanda moja ya ajabu. Mtu aliyetengeneza picha ile alikuwa mkaidi. Alimchukua askari mmoja wa upande wa adui akampa miwani, akampa mafua, akampa mkebe wa biskuti wenye picha ya binti yake. Askari huyo anamkuta majeruhi wa upande wetu kwenye theluji, anamnywesha maji kwa kifuniko cha chupa, anakaa naye mpaka anakata roho. Mwishoni wetu wanamzingira. Anatoka shimoni mikono juu, anasema maneno machache, wanampiga risasi. Picha inaishia kwenye miwani yake.

Jumamosi ya kwanza niliitafsiri kama ilivyoandikwa. Neno kwa neno, sikuongeza hata chumvi. Kijana mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Mathee, huyo ni adui! Mbona unamlilia?" Wengine wakapiga mluzi, wengine wakatoka. Karanja akanivuta kando. "Watu wamekuja kuona adui akikufa," akasema. "Hawajakuja matanga yake."

Wewe hukuwepo siku hiyo, ulikuwa umelala na malaria. Aliyekuwepo ni Baba Rodah.

Nataka umkumbuke kabla sijaendelea. Mlango wa tatu kutoka kwetu, kwenye ile plot ya zamani ya vyumba vya kupanga. Mrefu, kimya, alifanya kazi kiwanda cha unga na alirudi jioni nyusi zikiwa nyeupe. Mkewe alikuwa mashambani, yeye alikaa hapa na binti yake Rodah, aliyekuwa darasa moja nawe na aliyekufanyia hesabu zako zote, usinibishie. Hakuweza kufungua mdomo bila kuanza na "naomba tu." Naomba tu chumvi. Naomba tu kupita. Nilimwona siku moja akimwambia mbuzi aliyeziba njia, "Naomba tu." Jumamosi ile ya kwanza alibaki kwenye benchi wakati wengine wakitoka, machozi yakiukoroga unga usoni mwake. Aliniinamishia kichwa kama mtu anayetoka kanisani.

Kabila lake sitaliandika. Unalijua, na mwaka ule kila mtu alilijua. Bonde la Ufa lilikuwa likiwaka, na Jumatano iliyofuata mjomba wako Timotheo akafika kwetu. Alikuja na shuka moja na shimo begani ambako mshale ulikuwa umechomolewa. Mkewe na mtoto wa kunyonya walibaki ndani ya nyumba ilipochomwa. Hakulia. Alikaa kwenye kile kiti chetu kibovu akitazama ukuta wa upande wa Baba Rodah, tangu asubuhi mpaka taa inawashwa.

Baba Rodah akaja na unga, kilo mbili, ameushika kwa mikono miwili. "Naomba tu mpokee. Nimesikia mna mgeni." Timotheo akauchukua, akatoka, akaumwaga mtaroni mbele yake. Baba Rodah akasema pole, akarudi kwake. Mimi nilifagia. Sikusema neno kwa yeyote kati yao, na nilidhani kunyamaza ndio wema.

Jumamosi ya pili nikampeleka Timotheo bandani ili angalau atoke kwenye kile kiti. Karanja alirudia kanda ileile, akanitazama kwa jicho la kuniambia nisimharibie tena. Nikashika maikrofoni. Adui alipomnywesha majeruhi maji, nikasema ametia mkojo. Alipofungua mkebe wa biskuti, nikasema huyo ni msichana aliyemnyonga juzi. Banda likachemka. Na alipotoka shimoni mikono juu, sauti ilikuja yenyewe, sikuipanga, koo lilikazwa na maneno yakatoka: "Naomba tu..." Kila mtu wa plot yetu aliijua. Kicheko kilianza kabla sijafika mwisho wa sentensi.

Na Timotheo akacheka. Ndugu yangu, Wafula. Alicheka mpaka kidonda kikafunguka, nikaona damu inapenya bandeji na bado anacheka. Mimi ndiye niliyemlea mtoto huyo mama yetu alipokufa. Ningeuza chochote kwa kicheko kile, na nikauza kilichokuwa karibu.

Baba Rodah alikuwa benchi la tatu na Rodah. Wewe ulikuwa mbele kabisa, chini, mdomo wazi.

Kesho yake alinikuta bombani nikichota maji. Akatazama huku na huku. "Mama Wafula, naomba tu kuuliza. Yule mtu, Jumamosi ile ya kwanza, ulituambia alisema ako na mtoto. Jana mbona hakusema hivyo?"

Nilikuwa na nafasi hapo. Hakukuwa na mtu, ndoo ilikuwa bado haijajaa. Nikamwambia, "Jumamosi ile nilikosea."

Akangoja ndoo ijae, akafunga bomba. "Ulikosea," akasema. "Sawa. Asante." Akanisaidia kujitwika ndoo.

Baada ya hapo picha ile ilionyeshwa karibu kila wiki, na kila wiki nilimharibu yule askari zaidi. Watu walianza kuja hata kutoka mtaa wa Umoja. Watoto wa plot mlicheza vita uani, na adui alikuwa lazima aseme naomba tu kabla ya kufa. Rodah ndiye mliyemfanya adui, kwa sababu aliiweza sauti ya baba yake. Alikuwa akicheka pia, mwanzoni. Vijana wakaacha kumwita Baba Rodah kwa jina. Akipita jioni na nyusi zake nyeupe, mtu aliyekaa kibandani angesema "Naomba tu," na mwingine angemalizia sentensi yangu.

Hatimaye ikaja ile Jumapili. Asubuhi kanisani tulikuwa tumesomewa majina ya waliouawa kule nyumbani, na tulitoka tukiwa na moto vifuani. Mtu akasema Baba Rodah aliletewa mzigo mrefu kwenye gunia na jamaa yake usiku wa kuamkia siku hiyo. Kabla hatujafika kwenye plot mzigo ulikuwa umeshakuwa mishale. Hatukuenda kuuliza. Tulienda tu, suti na vitambaa vya kichwa na vitabu vya nyimbo mikononi, na Timotheo alikuwa kando yangu.

Baba Rodah akatoka. Komeo likalia nyuma yake, Rodah akiwa ndani. Aliinua mikono yote miwili, mmoja ukiwa na lile gunia, atuonyeshe. "Jamani," akasema, "naomba tu..."

Watu wakacheka. Nakuapia kwa Mungu niliyemtafsiria, walicheka. Na mtu akamalizia sentensi, wakacheka tena, naye akasimama pale mikono juu hajui la kusema, kwa sababu neno lake pekee la kuombea lilikuwa limeshachukuliwa. Ndipo akageuza kichwa kwenye mlango akasema kitu kwa lugha yao. Kirefu kidogo, kwa sauti ya chini.

Kicheko kikakoma. Unajua nilikulia mpakani, sokoni tulichanganyikana nao, lugha yao naielewa vizuri kama yetu. Watu wa plot walijua pia. Wakageuka kunitazama. Nawe, uliyekuwa kushoto kwangu, ukasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Mama, anasema nini?"

Nikasimama kama ninavyosimama kando ya skrini. Nikasema, "Anasema watu wake wako njiani. Anasema plot hii italala majivu."

Jiwe la kwanza lilitoka kushoto kwangu, kutoka kimo cha kifua changu. Miaka hii yote umedhani sikuliona. Lilimpata juu ya jicho. Alipoanguka kibuyu kikapasuka ndani ya gunia, na maziwa yakatiririka penye kizingiti, yale maziwa yao ya kijivu yenye mkaa. Tuliyaona wote. Hakuna hata mmoja wetu ambaye hakuona kwamba si mishale, na hakuna aliyeacha. Waliofuata baada yako walikuwa watu wazima, na walikuwa na vitu vizito kuliko jiwe.

Alifia hospitalini siku ya nne. Hakuna aliyeulizwa. Shangazi yake Rodah akaja akamchukua na vyombo vyao kwa mkokoteni, na watu wa plot walimsaidia kupakia.

Ningependa kukuambia kwamba Jumamosi iliyofuata sauti yangu ilikatika. Haikukatika. Karanja aliweka kanda ileile, banda lilijaa pomoni, na yule mtu alipotoka shimoni mikono juu nilisema maneno yangu yote mpaka mwisho, na niliyasema vizuri. Niliendelea hivyo mpaka watu walipoanza kuwa na video zao nyumbani na banda likafungwa. Hakuna dhamiri iliyonitoa kwenye kazi ile, ni ukosefu wa wateja.

Timotheo hakucheka tena baada ya Jumapili ile. Nilichomnunulia kwa bei hiyo hakikudumu.

Ulikuwa mtoto, na mama yako alikuwa amekuambia mbele ya watu kwamba watu wa mtu huyo wanakuja kukuchoma. Mtoto gani asingerusha? Lakini ulirusha, na sitakufutia. Nimejaribu kuubeba mzigo huu wote peke yangu, nimeshindwa, ni kama kapu lenye mikono miwili. Najua ni ukatili kumpa mtu mkono wa pili siku moja kabla ya safari. Ningekuwa na moyo laini ningekuacha uende ukicheka. Moyo laini ninao, ndio niliomwonyesha Timotheo.

Wiki iliyopita nilikwenda soko la Gikomba kukutafutia sweta, maana wanasema kambini asubuhi ni baridi ya kukata. Msichana mmoja alikuwa akifungua bale la mitumba, akainua uso.

"Mama Wafula," akasema.

Nikamjua. "Rodah. Umekuwa mkubwa."

"Wafula ako?"

"Ako. Anaenda jeshi."

Akaikung'uta sweta moja ya kijani, akaipima kwa macho. "Anajua vile baba alisema?"

Nikafungua pochi kutafuta pesa.

"Mimi nilikuwa nyuma ya mlango," akasema. "Nilisikia vile alisema, na nikasikia vile ulisema." Hakupandisha sauti. "Hii itamtosha. Mwambie." Akanifungia kwa gazeti kama mteja mwingine yeyote, akamgeukia aliyefuata.

Sweta iko chini kabisa ya mkoba wako.

Huko unakokwenda sikuzuii, kazi ni kazi, na umeitafuta kwa jasho. Lakini siku zote patakuwa na mtu wa kukutafsiria adui. Atakuwa hodari, labda atakuwa amefiwa, na labda utampenda. Najua alama moja tu ya kumtambua, nimeipata kwa gharama ya mtu mwingine: ukiona anaifurahia kazi, anadanganya. Mimi niliifurahia.

Sasa jibu lako. Uliuliza, Mama, anasema nini?

Alisema: "Rodah, mama yangu, usifungue. Ukisikia nimenyamaza, usifungue. Ziba masikio, uimbe ule wimbo wa shule mpaka waende."

Ni hayo tu. Rodah hakufungua. Aliimba mle ndani muda wote ule, na tulimsikia, na mimi peke yangu nilijua kwa nini anaimba.

Na yule wa kwenye picha, mwenye miwani, alisema, "Nina mtoto. Tafadhali." Ulimjua muda wote huu kwa maneno mengine.

Barua nitaiweka ndani ya kiatu chako cha kulia, uipate unapovaa. Kesho nitakuwa mlangoni na chai. Ukipita bila kunywa, sitakuita. Nilitaka kukuandikia mwisho mzuri zaidi, nimetafuta neno la kukusihi nikakosa, isipokuwa moja ambalo si langu na sina haki nalo. Naomba tu, mwanangu, mtu akikuinulia mikono, usicheke.

Mama yako,
mkalimani